Mtu Aliyemsifu Katune

Nilipokuwa bado mtoto wa darasa la tatu, kwetu juu ya soko la Mitaboni, masharti ya kukama ng'ombe yalikuwa mengi kuliko ya kuingia kanisani, na mwenye masharti hayo alikuwa susu. Susu ni nyanya kwa Kikamba, na ndilo jina pekee nililomjua nalo mpaka nikawa mkubwa. Ilikuwa miaka ya tisini. Baba na mama walifanya kazi viwandani Athi River na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi, nasi tulibaki naye: mimi, mdogo wangu Musyoka ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameachishwa kunyonya, na Katune.

Katune alikuwa ng'ombe wetu wa pekee. Jina lake lilimaanisha kadogo kekundu, ingawa kufikia wakati huo alikuwa mkubwa kiasi cha kuziba mlango wa zizi. Uji wa Musyoka, chai ya susu, na kile kikombe nilichokunywa kabla ya kukimbilia shuleni, vyote vilitoka kwake.

Susu aliamka jogoo wakiwa bado wanabishana. Aliwasha moto, akabandika maji, kisha akaniamsha kwa kunivuta kidole gumba cha mguu. Kazi yangu ilikuwa ndama. Nilimfungulia, akakimbilia kiwele cha mama yake, akanyonya na kukigongagonga kwa kichwa mpaka maziwa yakashuka. Susu akisema "haya", nilimvuta kwa kamba na kumfunga mbele ya Katune, ili mama amlambe mwanawe huku akikamwa. Miguu ya nyuma tuliifunga kwa kamba ya katani. Susu aliosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, akakipangusa, akajipaka mafuta kidogo viganjani, akaketi kwenye kigoda, sufuria kati ya magoti. Maziwa ya kwanza aliyakamia chini. Baada ya hapo ilianza ile sauti ambayo mpaka leo naweza kuisikia nikitaka: mwanzo kali, maziwa yakigonga bati, halafu nzito na laini kadiri povu lilivyopanda. Niliweza kufumba macho na kujua sufuria imefika wapi. Chuchu moja tulimwachia ndama. Jioni tulirudia yote hayo upya.

Masharti yenyewe yalikuwa hivi. Zizini hatukusema kwa sauti. Maziwa hayakuachwa yachemke mpaka yamwagikie motoni, la sivyo chuchu zingepasuka. Kamba ya ndama haikurukwa. Na lililopita yote: mtu asiye wa nyumba ile asisimame kumtazama ng'ombe akikamwa, na mtu akimsifu ng'ombe, amtemee mate kidogo papo hapo, "tfu", kuondoa jicho.

"Kwa nini mate?" nilimuuliza.

"Jicho ni moto," alisema susu. "Mate ni baridi. Shika ndama."

Mimi nilikuwa mtoto wa maswali, na jibu kama hilo lilinipa kazi ya wiki nzima. Niliwahi kumsifu jogoo wetu kutwa, mkia wake, sauti yake, miguu yake, bila kumtemea chochote, nione kama ataugua. Hakuugua. Aliishi mpaka Krismasi, tukamla. Lakini susu alisema jicho langu lilikuwa bado changa, halijakomaa, na jaribio langu likawa limeharibika.

Mtu ambaye jicho lake lilikuwa limekomaa alikuja jioni moja ya kiangazi. Aliitwa Abdi. Alikuwa Msomali, mfanyabiashara wa mifugo aliyekaa Machakos mjini, na siku za soko alikuja kwetu Mitaboni kununua mbuzi. Watu wote walimjua: mrefu, mwembamba, kofia ya kufuma kichwani, na fimbo nyembamba aliyoitumia zaidi kuonyeshea kuliko kuchapia. Alikuja kwa ajili ya dume la mbuzi ambalo susu alitaka kuliuza. Hakumwona mtu uani, akafuata sauti ya maziwa, na tulipoinua macho alikuwa amesimama kwenye lango la zizi, mikono juu ya ubao.

"Hodi, mama," alisema. "Huyu ng'ombe wako ni mzuri. Hiyo kiwele sijaona kama hiyo huku Kathiani yote."

Mikono ya susu ilisimama. Aliinua uso na kumtazama, akangoja. Mimi nilijua anangoja nini, na nilimtazama Abdi mdomoni kama mtu anayengoja ndege aruke. Hakutema. Alitabasamu tu, akauliza mbuzi yuko wapi.

Susu alifunika sufuria kwa upindo wa leso yake. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, cha salamu na bei, na lile lililokuwa moyoni halikuwa na maneno. Abdi alilichukua dume lake akaenda zake. Usiku, kabla ya kulala, susu alitoka na taa kwenda kumtazama Katune, kitu ambacho hakuwa na desturi ya kukifanya.

Asubuhi iliyofuata ndama aligonga kiwele mara moja tu na Katune akampiga teke. Susu alimtuliza kwa maneno, akashika chuchu ya nyuma upande wa kulia, akaiachia haraka. Aliniita niguse. Palikuwa pa moto, na pagumu kama nduma mbichi. Alipokama, yalitoka maji yenye mabonge madogo, na ndani yake rangi ya waridi. Nilitazama ile rangi chini kwenye vumbi na kitu cha kwanza nilichohisi, lazima niseme, hakikuwa huruma. Kilikuwa mshangao mkubwa kwamba kumbe ni kweli.

Chuchu nyingine bado zilikuwa nzima, lakini Katune hakukubali mtu amguse popote. Aliruka, alikaza mwili, maziwa akayazuia. Siku hiyo Musyoka alikunywa uji mtupu, akalia mpaka akalala mgongoni mwangu.

Jirani yetu, Mama Kavata, alifika kabla ya saa ya chakula. Aliingia zizini, akatikisa kichwa, akauliza ni nani aliyepita hapo. Susu alimwambia.

"Yule Msomali," Mama Kavata alisema. "Mimi nilijua. Si anatazamanga wanyama kama anawala. Siku ya soko tuambie watu wote. Mtu asimuuzie hata kuku."

"Umemuuliza?" susu alisema.

"Nimuulize nini?"

"Kama amefanya."

Mama Kavata alicheka kidogo, akidhani ni mzaha, akamwita susu kwa jina langu. "Susu wa Mumbua, nani anauliza mtu hivyo? Atakataa."

"Hawezi kukataa kabla hajaulizwa," susu alisema, akarudi kumpepea nzi Katune.

Siku ya soko susu alivaa leso yake safi ya bluu, akafunga kichwa, akamwacha Musyoka kwa Mama Kavata, akaniambia siendi shuleni. Nilikuwa mkalimani. Sikujua uzito wa kazi hiyo mpaka tulipokuwa njiani, tukishuka kwenye matuta, ndipo nikaanza kulipanga lile neno kichwani kwa Kiswahili. Mtoto wa Kikamba hamwambii mtu mzima hata kwamba ana tope usoni. Na mimi nilikuwa natumwa kumwambia mwanamume mwenye ndevu kwamba jicho lake limemuumiza ng'ombe wetu, na kwamba aje atuonyeshe mate yake.

Tulimkuta katikati ya mbuzi, pamoja na vijana wawili waliomsaidia kuwafunga. Alitukumbuka. "Mama, habari ya nyumbani? Una mbuzi mwingine?"

Susu alinisogeza mbele kwa kiganja. "Mwambie ng'ombe anaumwa tangu alipomsifu. Mwambie tunamwomba aje amtemee mate," alisema kwa Kikamba.

"Susu anasema ng'ombe ni mgonjwa," nilisema.

"Pole sana. Ako na nini?"

"Kiwele."

Susu aliinama. "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Hujamwambia. Mbona hajashtuka?"

Basi nikasema. Nilitazama kwato za mbuzi na kusema yote kwa pumzi moja, kwamba alisema ng'ombe ni mzuri, na hakutema mate, na asubuhi kiwele kikawa moto, na susu anaomba aje ateme. Mmoja wa vijana aliangua kicheko. Mama mmoja aliyekuwa akiuza kamba pale karibu aliacha kusokota.

Abdi hakucheka. Alimwambia yule kijana neno moja kwa Kisomali na kicheko kikakatika. Halafu alitazama fimbo yake kwa muda.

"Nilisema ng'ombe ni mzuri," alisema. "Hiyo nakumbuka. Nilisema mashallah?"

Sikulijua neno hilo. Nilimgeukia susu. "Anauliza kama alisema mashalla."

"Ni nini hiyo?"

Abdi aliona nyuso zetu, akachuchumaa ili awe kimo changu. "Mwambie nyanya yako hivi. Kwetu mtu akiona kitu kizuri, mtoto, ngamia, nyumba, lazima aseme hilo neno, ndio jicho lisiharibu. Mama yangu alikuwa na ngamia. Akikama, hakuna mgeni alisimama karibu. Mwambie siku hiyo nilikuwa na haraka, nilikuwa nafikiria mbuzi. Sidhani nilisema."

Nilitafsiri, na safari hii maneno yalikuja mepesi. Nilimwona susu akisikiliza kuhusu ngamia, kuhusu mama yule wa mbali aliyefukuza wageni kama afanyavyo yeye, na mabega yake yakashuka.

"Mwambie simlaumu," alisema. "Jicho mtu halitumi. Linaenda lenyewe."

"Hata mama yangu alisema hivyo," Abdi alijibu nilipomfikishia. Aliwaachia vijana mbuzi, akafuatana nasi.

Njiani tulipita duka la dawa za mifugo, na Abdi alisimama. Alisema yeye atakuja kutema, hilo halina shida, lakini ng'ombe zake mwenyewe wakivimba kiwele huwa anatumia pia dawa ile ya kuingizwa kwenye chuchu. Je, mama ataona vibaya? Susu hakuona vibaya. Aliingia dukani mwenyewe, akaonyesha kwa mkono pale panapouma, kwenye kifua chake, na mwenye duka akaelewa.

Mama Kavata alikuwa langoni kwetu na Musyoka mgongoni tulipofika. Alimwona Abdi akiingia nyuma ya susu kama mgeni wa heshima, akasogea kando kumpisha.

Zizini Abdi aliomba maji ya moto na kitambaa. Alisimama kwanza mbali kidogo, akasema neno lake, mara hii kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani. Akamkaribia Katune, akainama, akatema kidogo kwenye kiwele, "tfu, tfu", mate yasiyozidi umande. Susu akatema pia, kifuani kwake mwenyewe, kama walivyofanya wazee wetu wakibariki. Katune alitikisa sikio. Nilikuwa nimejibana kwenye ukuta wa miti, macho sikuyapepesa, nikitaka kuona kitu kikiondoka. Sikuona kitu.

Kisha ikaja kazi. Abdi alikunja mikono ya shati na kuchovya kitambaa, akakikanda kiwele polepole, akichovya tena maji yalipopoa. Alikuwa akimwimbia chini chini kwa Kisomali. Katune alikuwa ng'ombe wa Kikamba, sidhani alielewa, lakini miguu yake ililegea. Yale maziwa mabaya susu aliyakama mpaka yakaisha na kuyafukia shimoni, hata paka hakupewa. Mwisho wakaingiza dawa, Abdi akishika mkia.

Nilipoona anaosha mikono, swali lililokuwa limenikaa kooni tangu sokoni lilitoka. "Ngamia anakamwa vipi?"

Alisimama kwa mguu mmoja, akaukunja ule mwingine na kuuegemeza juu ya goti, akaweka beseni letu juu ya paja lake, mikono yote miwili ikikama hewa. "Hivi," alisema. "Ngamia ni mrefu. Ukikaa chini utakama magoti." Susu alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso. Sikumbuki kumwona akicheka hivyo mbele ya mwanamume mgeni kabla ya siku ile.

Alipomkaribisha chai, aliniambia nimwombe radhi kwamba ni ya rangi, maziwa hayapo. Nilisema, na ndipo sote tukakumbuka kwa nini hayapo. Abdi alikipokea kikombe kwa mikono miwili. "Mwambie nitakunywa hii," alisema. "Ile ya maziwa nitarudia."

Tuliendelea kukanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni na kuweka dawa mpaka ikaisha, na hata baada ya hapo, kama walivyotuagiza dukani, susu aliendelea kuyamwaga maziwa ya Katune kwa muda. Musyoka alipewa ya kwa Mama Kavata, ambaye aliyaleta mwenyewe bila kuombwa. Joto lilipungua. Mabonge yakaisha. Asubuhi moja sauti ya sufuria ilianza kali na kuishia laini kama zamani, na susu akaniruhusu nionje povu kwa kidole.

Hapo ndipo maswali yangu yalipoamka kweli. Nilikuwa nimeona mambo matatu yakifanywa siku moja: mate, maji ya moto, na dawa. Ni lipi lililoponya? Nilimfuata susu nalo jikoni, mtoni, shambani. Mwishowe alichoka.

"Kama ungekuwa wewe ndiwe Katune," aliniuliza, "ungechagua nini?"

"Dawa."

"Basi Katune hakuchagua. Alichukua vyote."

Abdi alirudia chai yake. Tulijua amefika kabla hajaonekana, maana alianza kusema mashallah akiwa bado kwenye ua wa mkonge, kabla hajaona hata pembe, akalirudia zizini, akamtemea Katune mate kwa ukarimu uliomfanya susu aniambie nimwambie inatosha. Aliendelea kuja kwetu miaka mingi. Mama Kavata mwenyewe alimuuzia mbuzi, na nakumbuka walivyobishana kwa furaha, Abdi akisema huyo mbuzi si mzuri hata kidogo, kwa sababu za biashara na kwa sababu za usalama.

Leo ninaishi Athi River, kwenye ploti yenye vyumba vingi na kamba nyingi za kuanikia nguo. Miaka michache iliyopita mtoto wa jirani aliugua, na neno likaanza kupita kutoka kamba hadi kamba kwamba alikuwa ametazamwa vibaya na mama mmoja mgeni wa chumba cha mwisho, aliyemsifu mtoto huyo kwamba amenona. Hakuna aliyemwendea. Walimkwepa tu bombani, wakawaita watoto wao ndani alipopita. Mimi nilikuwa kazini kutwa, nikalisikia jambo lote siku alipokuwa akipakia godoro lake kwenye mkokoteni. Nilimuuliza kwa nini anahama. Alisema hajui, ila ploti imekuwa baridi. Mtoto alipona baada ya wiki, kwa dawa za hospitali.

Nimemfikiria sana susu tangu siku ile. Zamani, nilipokuwa chuoni na nikijiona nimeerevuka, nilikuwa nikiisimulia hadithi ya Katune kama kichekesho cha watu wa kijijini. Sasa siisimulii hivyo. Susu aliamini jicho sawasawa na wale wanawake wa ploti yetu, pengine kuwazidi. Lakini imani yake ilimpa yule aliyeshukiwa kazi ya kufanya: aje, asimame karibu na kinachouma, akitakie heri kwa mdomo wake. Na kazi hiyo huwezi kumpa mtu bila kumwendea.

Kuhusu mate bado sijui. Nikiwa na watoto wangu, mtu akiwasifu, huwa najikuta nangoja kidogo, kisha najicheka. Ninachokijua ni kwamba bibi kizee asiyekuwa na Kiswahili cha kutosha alifunga leso yake safi asubuhi, akashuka mpaka sokoni akiwa amenishika mkono, na kumwambia mtu machoni jambo ambalo wengine walitaka kulisema mgongoni kwake. Na mtu yule aliweza kupita langoni kwetu, akipiga hodi, kwa miaka yote susu aliyokuwa hai.